Mrejesho: mafunzo ya mtetemo wa mashine, daraja la pili

Ndugu zangu, niliwauliza kama fundi wa pampu za maji hapa Malindi atafaidika na mafunzo ya uchambuzi wa mtetemo daraja la pili, kwa mpangilio wa ISO 18436-2 (kiwango cha kimataifa cha ujuzi wa wachambuzi wa mtetemo), au la kwanza latosha. Nimeyamaliza. Yanafaa sana, mradi uwe na mashine za kufanyia mazoezi kazini.

Daraja la kwanza hukufunza kukusanya vipimo vizuri. La pili hukufunza kutafuta chanzo. Pampu yetu moja ilikuwa ikila beringi, nasi kazi yetu kubadilisha tu. Mota yake huzunguka kama mara 1,480 kwa dakika, karibu herzi 25 (mara 25 kwa sekunde). Spektra (mchoro unaoonyesha ukubwa wa mtetemo kwa kila kasi ya kutetemeka) ilionyesha kilele kirefu karibu na herzi 50, yaani mara mbili ya mzunguko, na mtetemo wa kufuata urefu wa shafti ulikuwa mkali. Tukapima fezi (wakati wa mtetemo ndani ya kila mzunguko) pande mbili za kapilingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu; tofauti ikawa karibu digrii 180, yaani pande hizo zilitetemeka kinyume. Shafti hazikuwa kwenye mstari mmoja! Uzito usiolingana wa sehemu inayozunguka ungeonekana zaidi kwenye herzi 25. Tukazipanga upya, na mtetemo ukashuka vizuri.

Jambo jingine lililonifurahisha: umeme wetu ni wa herzi 50, kwa hivyo hitilafu ya umeme ndani ya mota mara nyingi hujitokeza kwenye herzi 100, na hutoweka papo hapo ukikata umeme.

Ahsante kwa aliyenihimiza nirudie hesabu kwanza. Anayejiandaa aende na vipimo vya mashine zake mwenyewe, awaulize walimu kuhusu hivyo.