Naomba ushauri: rekodi ya Górecki imetugawa nyumbani

Wakuu, nina rekodi ya mwaka 1992 ya Simfoni ya Tatu (muziki wa klasiki wa okestra) ya mtunzi Henryk Górecki wa Poland, ile aliyoimba Dawn Upshaw. Iliuza nakala zaidi ya milioni moja, jambo la nadra kwa muziki wa aina hii. Mke wangu ilimtoa machozi. Shemeji, mpiga piano, anasema ni saa nzima ya kurudia kitu kilekile. Mwanzo kweli unachosha: fidla kubwa za besi zinanong'ona peke yake, unaweza kudhani spika imekufa. Lakini sehemu ya pili, yenye maneno ya binti aliyefungwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, hunimaliza kabisa.

Mnaoujua muziki huu, mgeni nimwanzishie hiyo ya pili au asikilize yote kwa mpangilio? Na shemeji nimwache tu?