Duka limeniuzia mjusi na "seti kamili" ya kumlemaza, sasa linataka kunibadilishia nipewe mwingine!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Nipo Uingereza, England, na ujumbe huu nawalenga hasa wenzangu wa huku ambao watoto wanawasumbua wanunuliwe mjusi wa ndevu, yule wa Australia (Pogona vitticeps). Kuna duka la wanyama limeniuzia mjusi mchanga pamoja na vifaa vyake kwa bei moja. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yangu yapo halmashauri. Walisema seti imekamilika, nikifika nyumbani ni kuchomeka waya tu.

Imekamilika wapi? Tenki la kioo lina urefu wa sentimita 60. Mjusi huyu akikomaa anafika sentimita 45 hadi 60 kutoka puani mpaka ncha ya mkia, maana yake angeishi kwenye boksi analolingana nalo. Mkubwa mmoja anatakiwa apate angalau 120 kwa 60, na kimo cha 60. Wameweka taa nyekundu ya kuwaka usiku kucha, wakati mnyama huyu anaona rangi vizuri na usiku anataka giza alale. Thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, hakuna. Kipimajoto ni stika ya kubandika kwenye kioo, kwa hiyo kinapima kioo! Jiwe analoota joto linatakiwa lifike nyuzi 40 hivi, na upande wa pili ubaki kama 25 ili akichoka na joto apate pa kukimbilia. Stika itakuambiaje hayo?

Halafu mchanga. Mfuko umeandikwa kwamba una kalsiamu na akiula haudhuru. Daktari wa wanyama alipousikia alitikisa kichwa, kwa sababu mjusi akiulamba na kuumeza unaweza kumziba utumbo. Muuzaji anajitetea eti huyu ni mnyama wa jangwani. Kwao ardhi ni kavu na ngumu, yenye vichaka na miti, na muda mwingi utamkuta amepanda juu ya gogo au nguzo ya uzio. Si mchanga wa ufukweni.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni taa ya UVB, ile inayotoa miale isiyoonekana kama ya jua. Hawakuiweka kabisa, na nilipouliza pale kaunta nikajibiwa niweke tenki karibu na dirisha, jua litatosha. Wakuu, kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote ya UVB. Bila miale hiyo ngozi ya mjusi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 hata umlishe kalsiamu kiasi gani mwili hauinyonyi. Mwili unaanza kuichota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndicho kilichompata wa kwetu. Vidole vilianza kutetemeka, akashindwa kujiinua, taya la chini likawa laini ukiligusa. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa imefifia. Anatibiwa, anakula, ila daktari ametuambia wazi kwamba miguu ya nyuma iliyopinda haitanyooka tena. Mnyama ambaye angeishi miaka kumi ameanza maisha na ulemavu kwa sababu mtu hakutaka kuuza taa sahihi.

Nimerudi dukani na karatasi za daktari. Mnajua walichonijibu? Niwaachie huyo, wanipe mwingine. Kama viatu vilivyobana! Mwanangu alikuwa amesimama pale pale anasikia.

Sasa sikilizeni, kwa sababu wengi hatujui haki hii. Hapa England, tangu kanuni za leseni za mwaka 2018, anayefanya biashara ya kuuza wanyama wa kufugwa lazima awe na leseni ya halmashauri. Masharti yake yanamtaka ampe mnunuzi maelezo ya kumtunza mnyama, na vifaa anavyouza pamoja na mnyama viwe vinamfaa. Leseni inatakiwa ionekane dukani, kwa hiyo mna haki ya kuuliza iko wapi. Mimi nimepeleka risiti, picha za tenki na barua ya daktari kwa kitengo cha leseni.

Kwa ambao tayari mmenunua seti za namna hii: anzeni na taa ya UVB ya mrija mrefu leo, msisubiri mwisho wa mwezi. Ibadilisheni kila baada ya miezi 12 au kama mtengenezaji alivyoandika, kwa sababu miale inaisha huku taa bado inawaka. Toeni mchanga, wekeni vigae au karatasi. Wadudu wapakeni unga wa kalsiamu, na wasizidi ukubwa wa nafasi iliyopo kati ya macho yake. Sukuma wiki anakula vizuri. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, inazuia kalsiamu isinyonywe mwilini. Parachichi asiguse kabisa, ni sumu kwake.

Na tafadhali, wale wa "huyo ni mjusi tu, tupa", kwenye uzi huu piteni. Ninachohitaji ni watu walioshughulika na halmashauri kwa kesi kama hii: mlijibiwa baada ya muda gani, na gharama za daktari mlizidai duka kwa njia ipi? Mwenye risiti ya seti ya aina hii asiitupe, aniandikie inbox.