Mkojo unanitoka tangu nitolewe tezi dume, kuna anayejua vipandikizi vya puto?

Baba Njeri, Kasarani
Wakuu, salamu. Nilitolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani, na mwaka umepita. Nashukuru Mungu, vipimo vya damu ni vizuri. Shida ni mkojo. Nikikohoa, nikiinua mtungi wa gesi au matatu ikiruka tuta, unatoka. Daktari amenitajia kipandikizi kinachorekebishwa baadaye. Kinafanyaje kazi?

Nesi wa Buruburu
Pole sana kaka. Upasuaji ule unaweza kudhoofisha msuli unaofunga mkojo, kwa hiyo kipandikizi kinausaidia kwa kubana mrija wa mkojo kutoka nje. ProACT ni puto mbili ndogo, moja kila upande wa mrija, karibu na shingo ya kibofu. Kila puto ina kibomba chembamba kinachoishia chini ya ngozi ya pumbu. Baada ya wiki kadhaa, ukiwa bado unavuja, daktari anachoma sindano hapo na kuongeza maji, kama mililita 1. Ukishindwa kukojoa, anapunguza. Hupasuliwi tena kwa marekebisho hayo, na mimi naona huo ndio uzuri wake hasa. ATOMS nayo ni kimto chini ya mrija, hujazwa vivyo hivyo.

Otieno K.
Ulichomwa mionzi? Usiache kumkumbusha daktari. Nyama iliyopigwa mionzi haiponi vizuri, na kipandikizi kinaweza kuila hadi kitokeze kwenye mrija.

Baba Njeri
Hapana, sikuchomwa. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga inayozuia mkojo nilipewa karatasi tu.

Nesi wa Buruburu
Karatasi haitoshi! Mwone mtaalamu wa fiziotherapia akuhakikishie unakaza msuli sahihi, maana wengi hukaza tumbo na makalio. Kaza kabla ya kukohoa au kuinua kitu. Halafu weka pedi zote za saa 24 kwenye mfuko, zipime kwa mizani, utoe uzito wa pedi kavu. Gramu 1 ni takribani mililita 1. Mpelekee daktari hesabu hiyo. Anayevuja sana mara nyingi hushauriwa AMS 800, valvu bandia unayoifungua mwenyewe kwa kubonyeza pampu ndani ya pumbu.

Mama Kevo
Puto zinaweza kupasuka au kusogea, zikahitaji kutolewa. Muulize daktari amewawekea wangapi, na nani atakuongezea maji akihama. SHA (bima ya afya ya serikali) wakuambie kwa maandishi watalipia nini, kabla hujatoa hata shilingi. Na mkeo aende nawe kliniki, naye ana maswali yake.