Tupeane uzoefu: prototaipu za tovuti unazitengenezea kwenye programu gani, na kwa nini?

#1
Wakuu, heshima kwenu. Wanaosanifu tovuti na programu za simu, hebu tuelezane tunatumia nini kutengeneza prototaipu, yaani sampuli ya kujaribia, kabla msimbo haujaanza kuandikwa. Naomba mtoe kisa kizima, maana jina tupu la programu halimsaidii anayeanza.

Mimi huchagua kulingana na swali linalonisumbua. Kama bado sijajua ukurasa uwe na nini, nafungua Balsamiq. Michoro yake imekaa kama ya mkono, kwa hiyo mteja hapati rangi ya kubishania. Mmoja aliutazama mchoro wa usajili akauliza, "Mbona tunamdai mtu namba ya simu kabla hajaona huduma yenyewe?" Hilo swali lilibadilisha ukurasa mzima. Mpangilio ukishakubalika ndipo nahamia Figma kuweka rangi, herufi na mabofyo.

#2
Figma pia. Timu yetu ina Mac, Windows na Linux, na programu ya usanifu ya Sketch inataka Mac. Figma inafunguka kwenye kivinjari, natuma kiungo tu, wote tunaingia faili moja na kila mmoja anaona kishale cha mwenzake.

#3
Karatasi na penseli, wakuu. Skrini moja, karatasi moja. Mtu anagusa "kitufe" kwa kidole, mimi nambadilishia karatasi. Akikwama, nachora nyingine palepale mbele yake.

#4
Kazi yangu ni mifumo yenye fomu ndefu. Ukichagua kwamba una mwenza, sehemu ya mwenza inafunguka. Ukiacha tarehe wazi, onyo linatokea. Ukitaka kuchora kila hali kwenye fremu (skrini) yake, mishale ya kuziunganisha inasukana hadi wewe mwenyewe hujui ipi inaenda wapi. Ndiyo maana niko Axure RP. Naiandikia sharti: kisanduku kikitikiwa, paneli ionekane. Anayejaribu anaandika jina lake kabisa, na skrini inayofuata inamwita kwa jina hilo. Kujifunza kwake kunataka subira, sifichi, na kwa ukurasa wa matangazo tu ni mzigo wa bure.

#5
Niongeze jambo moja ambalo naona tunalisahau: uhai wa zana. InVision, zana ya prototaipu iliyokuwa kila mahali, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024. Adobe ilitangaza Septemba 2022 kwamba inainunua Figma kwa dola bilioni 20, ikaachana na mpango huo Desemba 2023, na XD, programu yake yenyewe ya kusanifu, haiiendelezi tena. Kwa hiyo mimi kwanza nauliza: kazi yangu nitaitoaje humu? Nimehamia Penpot. Ni programu huria, unaweza kuisimika kwenye seva yako, na inatumia viwango vya wavuti vilivyo wazi kama SVG (ya michoro) na CSS (ya mwonekano wa kurasa). Viongezi vyake si vingi kama vya Figma, lakini kwangu hilo linavumilika.

#1
Mkuu #4, ukimaliza huko Axure wasanidi unawakabidhi nini?

#4
Nawatolea kurasa za HTML wazibofye kwenye kivinjari, pamoja na maelezo ya kila sharti. Ila nawasihi wasinakili msimbo wa kurasa hizo. Ule ni wa kuonyesha mfumo unavyotakiwa kuitikia. Wa kazi wauandike wenyewe.