Aliyesema "yupo yupo tu" jana ukumbini, na nyie mnaomfananisha na yule wa kitabuni: wote nawasubiri hapa

Bibie wa Nyakato (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni siwapi. Sijala, sijalala, miguu imevimba na vile viatu, kwa hiyo asije mtu hapa na "pole dada, punguza povu". Povu lenyewe ndio kwanza linaanza kupanda.

Jana kwenye sendofu. Ukumbi ule ule, mnaujua. Na jamaa mnamjua. Jina sitaji, nikitaja wasimamizi watafuta uzi, ila kila aliyewahi kuchangia sherehe Mwanza hii anamjua: miwani nyeusi saa nne usiku, funguo za gari juu ya meza ili tuzione, hacheki, haongei, salamu anaitikia kwa nyusi. MC katania mpaka mashangazi wameshika mbavu, yeye anaangalia saa. Lile jiwe la Bismarck pale ziwani lina uchangamfu kumshinda.

Basi MC kaita watu kati. Rafiki yake, kijana wa watu, mcheshi, kacheza na dada yake bibi harusi nyimbo zote, akamwinamia: "Mwanangu nyanyuka, yule dada wa gauni la kijani hana mtu, kamchukue." Dada wa gauni la kijani ni mimi. Nipo nyuma yake na sahani yangu nasubiri kupita. Akageuza shingo, kaniangalia kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye pilau, macho yetu yakakutana kabisa, akarudi kwa kuku wake. Kijiti mdomoni:

"Yupo yupo tu huyo. Siyo wa kuninyanyua kitini."

YUPO. YUPO. TU. Mimi! Niliyesukwa tangu alfajiri mpaka msusi akaomba apumzike! Mimi ambaye mchango wangu ndio umenunua hicho kijiti!

Na bado hilo siyo lililonimaliza. Lililonimaliza ni shoga yangu, tukiwa kwenye bajaji tunarudi. Badala ya kutukana pamoja na mimi kama mila inavyotaka, anacheka: "Sasa unalia nini? Si ndivyo Darcy, yule wa kwenye kile kitabu cha mapenzi cha Kiingereza, Pride and Prejudice, alivyomfanyia Elizabeth? Dansi ya kwanza tu kamkataa mbele za watu, mwisho wa kitabu kamwoa. Huyo ni mumeo, shosti."

MUMEO.

Kile kitabu kimetoka 1813. Miaka mia mbili na ushee, kila kauzu duniani amepata wakili. Hasalimii watu, mnasema "ana kina". Hajibu meseji, "anapigana na hisia zake". Anamshusha mtu thamani mbele ya pilau, "tulia Elizabeth, kitabu hakijaisha". Kinaisha lini? Yule wa kitabuni angalau alikuwa na kurasa mia tatu za kujirekebisha. Huyu wangu kaondoka kabla ya keki.

Nataka kujua nani aliwaambia wanawake wenzangu kwamba nyodo za mwanaume ni mapenzi yaliyojificha. Ajitokeze.

Dagaa Kauzu

Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu. Endeleeni.

Kijiwe Igoma

Weka picha ya hilo gauni la kijani tuamue wenyewe. Huenda jamaa kasema kweli.

Bibie wa Nyakato

Wewe ndiye yeye. Nimekujua kwa uandishi. Toa hicho kijiti.

Mzee wa Kamongo

Sijasoma yote, macho yangu na simu hii haviivi. Huyo wa 1813 ana nini cha kuwaliza watu mpaka leo?

Binti Ukerewe

Shikamoo mzee. Ana jumba linaitwa Pemberley kule Derbyshire, Uingereza, na kipato cha elfu kumi kwa mwaka.

Mzee wa Kamongo

Elfu kumi kwa MWAKA? Mimi elfu kumi naweka kwenye mafuta ya mashine, haifikishi boti hata nusu ya safari. Na mabinti wanamlilia? Basi mbona sisi wa Igombe hamtulilii?

Binti Ukerewe

Pauni, mzee. Pauni za wakati ule. Baba yake Elizabeth alikuwa na elfu mbili tu na wakahesabiwa watu wenye nafasi. Ila ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na mali ilifungwa hivi kwamba akifa nyumba na shamba vinakwenda kwa binamu wa kiume. Mabinti watoke na mabegi yao.

Mama wa Mwaloni

Hayo ya kutolewa na mabegi hata huku tunayajua, haikuhitaji kwenda Uingereza. Shemeji zangu walikuja kabla ya arobaini.

Fundi Makoroboi

Kwa hiyo siyo nyodo wala kina. Ni hela. Mwanaume mwenye nyodo bila hela anaitwa mwendawazimu, mwenye hela anaitwa shujaa wa mapenzi. Uzi ufungwe.

Binti Ukerewe

Ufungwe nini na wewe hujakisoma? Ingekuwa hela angekubaliwa mara ya kwanza. Jamaa alimfuata Elizabeth mpaka Kent, kwenye nyumba ya yule binamu mchungaji, akamtamkia kwamba anampenda, na kwenye hotuba hiyo hiyo akamweleza jinsi ukoo wake ulivyo wa chini na jinsi alivyojitahidi asimpende akashindwa. Alidhani atashukuriwa. Akapigwa chini palepale! Binti asiye na urithi anamwambia mwenye elfu kumi kwamba hata angebaki mwanaume wa mwisho duniani asingeolewa naye. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo siri ilipo. Watu hawakipendi kile kitabu kwa sababu mwanaume anaringa. Wanakipenda kwa sababu anaambiwa ukweli usoni, halafu haendi kumchafua binti vijiweni. Anakwenda kujitazama. Wangapi mnawajua wa hivyo? Mimi huku Nansio hakuna hata mmoja.

Dagaa Kauzu

Hotuba ndefu, ila mnazunguka mbuyu. Siri ni lile shati. Ile tamthilia ya BBC ya 1995, Colin Firth anatoka kwenye bwawa shati limemganda mwilini. Dada zangu wote waliishia hapo.

Binti Ukerewe

Hiyo haipo kitabuni. Jane Austen hakuandika shati lililolowa, waliongeza wenye kamera.

Mama wa Mwaloni

Shati lililolowa? Mimi nimekaa Mwaloni tangu sijaolewa. Kila asubuhi wanaume wanashuka kwenye mitumbwi wamelowa mpaka kope, na sijaona mwanamke kuzimia. Tunawauliza tu wameleta sangara kiasi gani.

Kijiwe Igoma

Mama, hao hawana Pemberley.

Bibie wa Nyakato

Jamani naomba turudi kwangu. KANIANGALIA KWANZA. Ndiyo inayoniuma. Angesema bila kuniangalia ningesema hajaniona, giza, zile taa za disko. Kaangalia, kafanya tathmini, katoa hukumu, karudi kwenye paja la kuku.

Mjumbe wa Kamati

Subiri kidogo. Hapo kwenye paja la kuku. Mimi nilikuwa ukumbi huo huo, nimetoa mchango wa watu wawili, na meza yetu kuku hakufika! Tumeletewa wali na mchuzi wenye kumbukumbu ya kuku. Kamati mpo humu?

Bibie wa Nyakato

Alikuwa naye yeye! Si ndio nawaambia!

Fundi Makoroboi

Na kadi mnaandika mwisho wa mchango ni tarehe fulani, ukichelewa siku moja mweka hazina anakupigia usiku kuliko mkopo wa mtandaoni. Halafu soda moja. Uzi wa michango uanzishwe rasmi.

Msomaji Nyegezi

Mimi nawashangaa mnaomshambulia huyo wa Pemberley. Huyo ni malaika. Mbona hamuwagusi wale wawili wa 1847? Yule bwana wa Jane Eyre kamtongoza mwalimu wa mtoto mpaka kanisani kumbe mke wa ndoa kamfungia ghorofa ya juu. Na Heathcliff wa Wuthering Heights, siku anatoroka na binti wa watu kamtundika mbwa wa huyo binti. Mbwa! Na hao nao wana mashabiki wanaoweka picha zao kwenye stetasi. Vitabu vyote viwili vya mwaka mmoja, na wameviandika ndugu wa tumbo moja. Huko nyumbani kwao sijui walikuwa wanaongea nini wakati wa chai.

Kijiwe Igoma

Nyie na Wazungu wenu. Sisi tulisoma Ngoswe. Karani wa sensa, kafika kijijini, kamwona Mazoea, kazi ya serikali ikaishia hapo na makaratasi yakachomwa moto na baba mtu. Huyo ndiye mwanaume wa mapenzi. Hakuringa hata dakika.

Fundi Makoroboi

Basi ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Mleta mada, umesikia?

Bibie wa Nyakato

Sijaomba methali. Nimeomba mtu anayejua anapoishi yule bwana anipe ramani.

Dagaa Kauzu

Ramani ya nini, si alisema haunyanyui mtu kitini? Au unataka kwenda na kiti?

Binti Ukerewe

Nimalizie maana mmenikatisha. Kipimo kipo kwenye matendo. Elizabeth anakwenda Pemberley kutembea tu na mjomba na shangazi yake, akidhani mwenye nyumba hayupo. Wanakutana naye uso kwa uso. Hao mjomba na shangazi ni watu wa biashara London, ndio hasa aina ya ndugu aliokuwa anawadharau. Unajua alifanya nini? Kawasalimu kwa heshima zote, na mjomba kwa kuwa anapenda kuvua, akamwambia aje avue mtoni kwake siku yoyote, na vifaa atampa. Baadaye mdogo wake Elizabeth katoroka na tapeli mmoja mwenye sura nzuri na madeni, huyu bwana akamsaka London, akalipa madeni yote, akawafungisha ndoa, na akataka isijulikane kwamba ni yeye. Hakuja kuomba shukrani. Sasa dada wa gauni la kijani, pima hapo. Huyo wako amewahi kulipa deni la nani?

Bibie wa Nyakato

Mchango wenyewe kwenye hiyo sendofu hajamalizia. Nina uhakika, nimeona daftari.

Mjumbe wa Kamati

Naomba hiyo daftari.

Mzee wa Kamongo

Ng'wanawane, rudi nyuma hapo. Mbona hamkusema mapema kwamba kitabu ni cha uvuvi? Alimpa vifaa gani? Na mto una samaki gani?

Binti Ukerewe

Mzee, ni ndoano na mshipi, na samaki wao wanaitwa trauti. Ila kitabu siyo cha...

Mzee wa Kamongo

Basi huyo bwana namkubali. Mtu akikupa eneo lake la kuvulia na zana juu yake, huyo ni ndugu. Hapa ziwani mtu hakuonyeshi hata alipotega nyavu zake jana. Wabeja sana binti, umenielimisha.

Mama wa Mwaloni

Mzee, na mbalamwezi hii mnaleta nini? Juzi nimekaa mpaka saa nne, dagaa hakuna, waliokwenda wamerudi na taa zao kama walivyoondoka.

Mzee wa Kamongo

Mama, kukiwa na mwezi dagaa hafuati taa, ana mwanga wake wa bure. Ngoja giza liingie. Wavuvi wengi wamepumzika, wanashona nyavu.

Kijiwe Igoma

Ndio maana mmetujazia sato wa vizimba. Nimekula jana, mnene, mzuri kwa macho, ladha hakuna.

Msomaji Nyegezi

Yupo yupo tu.

Bibie wa Nyakato

WEWE!!!

Mama wa Mwaloni

Sato wa kizimba msimuonee. Mchemshe na ndimu na nyanya za kutosha, usimkaange. Tatizo lenu mnakaanga kila kitu.

Fundi Makoroboi

Kuna mtu humu anafuga? Nimesikia gharama yote inaishia kwenye chakula chao. Nina jamaa yangu alianza na kizimba kimoja, sasa hivi hataki kusikia neno samaki.

Mzee wa Kamongo

Njoo Igombe nikukutanishe na vijana wanaofuga, wakuonyeshe mahesabu. Usianze kwa kusikia.

Msimamizi

Uzi huu umehamishiwa Jukwaa la Kilimo, Mifugo na Uvuvi.

Bibie wa Nyakato

Umehamishiwa WAPI?

Fundi Makoroboi

Asante msimamizi, huku ndiko kwenyewe. Mzee wa Kamongo, Jumamosi asubuhi nakukuta? Na vifaranga vya sato wanavinunua wapi, au wanazalisha wenyewe?