Flashi ya nje ndani ya hema la kwanjula

Swali: Ndugu wapiga picha, ninapopiga picha za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho wa ndoa ya Kiganda, hapa Mukono, Uganda, kwa flashi ya nje (ile taa inayopachikwa kwenye kamera), nyuso hung'aa kupita kiasi ilhali hema lote nyuma yao hubaki giza. Nifanyeje ili picha zionekane za asili?

Jibu: Ndugu yangu, umeiachia flashi kazi yote. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, hutawala mwanga wa mahali bila kugusa ule wa flashi. Kwa hiyo ishushe kutoka 1/200 hadi 1/60 ya sekunde, pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 1600, kisha punguza flashi kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga wake, nawe utaona mapambo ya hema yakirudi pichani.

Jibu: Naongeza kwamba usiielekeze flashi usoni moja kwa moja, bali igeuze kwenye dari jeupe. Hema la buluu au kijani, hata hivyo, litaitia ngozi ya bibi harusi rangi hiyohiyo, jambo linaloniumiza sana. Hapo iweke pembeni juu ya stendi, nyuma ya mwavuli mweupe.

Mwuliza: Asanteni sana. Na hema likiwa na balbu za njano?

Jibu: Funika flashi kwa plastiki angavu ya rangi ya chungwa, kisha rekebisha rangi ya kamera kwenye alama ya balbu.