Punguzo la hoteli kwa wenye pasi ya mwaka: haki yetu au hisani yao?

Mama Mapacha:
Wadau, kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi. Nina pasi ya mwaka (tiketi ya kuingia mwaka mzima) ya bustani moja ya burudani hapa Orlando, Florida, jina naliacha, na huu ni mwaka wa tatu nailipia kila mwezi. Nakaa Tampa. Kilichonishawishi kuinunua si mabembea peke yake, ni pamoja na ule mstari kwenye orodha ya faida unaosema wenye pasi tuna punguzo kwenye hoteli zao.

Juzi punguzo la msimu likatangazwa. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, nikafungua kurasa mbili kwenye kompyuta. Huku nimeingia na akaunti yangu ya pasi, huku sijaingia popote, niko kama mpita njia. Chumba ni kile kile, dirisha linatazama maegesho, Jumanne hadi Jumamosi. Bei kamili dola 268 kwa usiku. Mwenye pasi anapunguziwa asilimia 25, inabaki 201. Mpita njia akilala siku nne mfululizo anapunguziwa asilimia 30, inabaki 187 na senti 60. Nikamwamsha mume wangu aje asome yeye, labda macho yangu yalikuwa na usingizi. Akasoma vile vile.

Swali langu ni hili: pasi inatupa haki ya bei nzuri kuliko asiye nayo, au hawadaiwi kitu? Na kama kuna aliyewahi kulalamika akasikilizwa, aseme.

Mzee wa Mahesabu:
Dada, pole, ila hakuna aliyekuibia. Chumba kikilala tupu leo hakiuziki kesho. Kwa hiyo hoteli inashusha bei pale inapoona vyumba vitabaki, na inamshushia zaidi yule atakayeacha hela nyingi. Mgeni wa siku nne katoka mbali, ananunua tiketi za familia nzima, anakula humo humo asubuhi hadi usiku. Wewe getini umeshalipa mwaka mzima, na sandwichi unakuja nazo kutoka nyumbani. Tena vyumba vya punguzo huwekewa idadi kwa kila tarehe. Vikiisha vimeisha, hata kama hoteli bado ina nafasi. Na usisahau kodi. Orange County, wilaya ilipo Orlando, ni asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba, kwa hiyo hiyo 201 yako ukifika kulipa ni 226.

Halafu samahani kuuliza, mtu wa Tampa hoteli ya Orlando ya nini? Mwendo wa saa moja na nusu. Lala kwako.

Shangazi wa Jacksonville:
Mzee, mengine yote nimekusoma vizuri, hilo la mwisho limenichoma. "Lala kwako." Umewahi kuendesha barabara kuu ya I-4 Jumapili usiku, mvua ya Florida inapiga kioo mpaka huoni mstari wa barabara, nyuma watoto wamelala vichwa vimening'inia juu ya mikanda? Mimi nimewahi. Niliegesha kituo cha mafuta saa tano usiku nikalia, kwa sababu macho yalikuwa yanafumba yenyewe. Tangu siku hiyo nalala. Punguzo la hoteli kwangu ni usalama wa watoto wangu, siyo anasa.

Kijana wa Zamu:
Shangazi pole sana, lakini Jacksonville na Tampa si sawa. Wewe una karibu maili 140, yeye hana hata 90. Mimi nipo Kissimmee, jirani na Orlando, natoka kazini, naingia bustanini saa mbili tu, narudi kulala kitandani kwangu. Ndiyo raha ya pasi. Wenyeji tukianza kudai hoteli, vyumba vitabaki kwa nani?

Mama Mapacha:
Jamani sikuuliza nilale wapi. Nimeuliza kuhusu bei.

Shangazi wa Jacksonville:
Kijana, usinipimie uchovu kwa maili. Una watoto wangapi?

Kijana wa Zamu:
Sina. Ila nina mama mzee ninayempeleka kwa kiti cha magurudumu, na bado tunarudi nyumbani. Kila mtu ana mzigo wake, shangazi.

Dereva wa Magari Mawili:
Tuache mashindano ya nani kachoka. Kulala ndani kuna faida inayoonekana. Disney, anayelala kwenye hoteli zao anaingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, kila siku. Universal, washindani wao hapa Orlando, zile hoteli zao tatu za daraja la juu mgeni anapewa pasi ya kukwepa foleni kwa bustani mbili za zamani, ila siyo Epic Universe, bustani yao mpya iliyofunguliwa 2025. Nilipiga hesabu ya kukwepa foleni kwa watu watano, ikazidi bei ya chumba. Kwa hiyo mtu wa Tampa analala kwa sababu ya foleni, wala si kwa sababu ya kitanda.

Mimi kinachoniuma ni maegesho. Mwenye pasi, kwa pasi nyingi, anaegesha bure bustanini, akienda kulala hotelini anatozwa kuegesha usiku. Gari ni lile lile! Hata Disney walitoza, nadhani tangu 2017.

Mzee wa Mahesabu:
Ni Machi 2018. Na waliiondoa Januari 2023. Tuwe na takwimu sahihi, ndugu.

Dereva wa Magari Mawili:
Asante kwa kusahihisha mwaka, mzee. Hoja yangu umeiruka. Waliiondoa kwa sababu watu walipiga kelele miaka mitano. Tungefuata ushauri wako wa "hakuna aliyekuibia", leo wangekuwa bado wanatoza.

Mzee wa Mahesabu:
Hujui kama ni kelele. Huenda vyumba vilianza kubaki wazi. Biashara husikia kitanda kitupu kabla ya kusikia kelele.

Mke wa Fundi:
Naomba niseme kitu ambacho hamtaki kusikia. Vyumba vya wenye pasi vinaisha mapema kwa sababu yetu wenyewe. Familia ya watu sita, mmoja ananunua pasi, tena ile ya bei ya chini, kisha anabukia ukoo mzima vyumba vitatu kwa punguzo lake. Wengine wote wana tiketi za kawaida. Mimi tupo wanne, wote tuna pasi, nikiingia saa tatu asubuhi nakuta pameandikwa hakuna nafasi. Halafu mnalia kwamba bustani inatubana.

Mama Mapacha:
Dada, hiyo umenilenga mimi? Kwa sababu mwaka jana nilimbukia dada yangu chumba, alikuja kutoka Minnesota na wanawe baada ya msiba. Nilikuwa kwenye chumba kile pamoja nao, kama sheria inavyotaka. Kama huo ni wizi, niambie.

Mke wa Fundi:
Sikukulenga, sikujua. Pole kwa msiba. Lakini vyumba vitatu kwa pasi moja bado si haki, hata akifanya ndugu yangu.

Bwana Sheria Kidogo:
Naona mmesahau kitu kikubwa. Kuna kesi California, wenye pasi walimshtaki Disney wakamshinda, akalipa kama dola milioni 9. Kwa hiyo Mama Mapacha ana kesi. Ukiahidi faida kwenye pasi, sheria inakubana.

Mzee wa Mahesabu:
Hawakumshinda. Walipatana nje ya hukumu, dola milioni 9.5. Na haikuhusu hoteli hata kidogo. Ilikuwa pasi ya juu kabisa ya Disneyland iliyoanza 2021, iliuzwa kwa maneno kwamba haina tarehe zilizofungwa, yaani siku ambazo mwenye pasi haruhusiwi kuingia, kisha watu wakawa wanataka kuingia wanaambiwa nafasi ya siku hiyo imejaa ingawa tiketi za kawaida bado zinauzwa. Pale kulikuwa na maneno ya wazi. Kwenye hoteli neno lao siku zote ni "hadi asilimia fulani", "hoteli teule", "kulingana na nafasi". Hilo neno "hadi" ndilo linawalinda.

Bwana Sheria Kidogo:
Sawa mzee, walipatana. Lakini mtu asiye na kosa hatoi milioni 9.5. Na mfano wako unanisaidia mimi: mwenye pasi anaambiwa pamejaa huku mwenye tiketi anaingia. Mama Mapacha anaambiwa 201 huku mpita njia anapewa 187. Ni tabia ile ile, mlango tofauti.

Shangazi wa Jacksonville:
Hapo umesema. Mimi nakumbuka 2022, ripoti ya fedha ya Disney ya robo mwaka iliandika kwamba mchanganyiko wa wageni kule Disneyland haukuwa mzuri kwa mapato. Wenye pasi walijua wanasemwa wao, hata fulana zenye neno lao la Kiingereza, "unfavorable", yaani isiyo nzuri, zikachapwa watu wakazivaa bustanini. Niliumia. Mimi ndiye ninayekwenda Februari kwenye baridi hakuna mtu, Septemba kwenye joto na vimbunga hakuna mtu. Natembea na mgeni wangu kila mara, namwonyesha njia, nanunua chai, nanunua kofia. Halafu naitwa mchanganyiko mbaya.

Kijana wa Zamu:
Hapa nakubaliana na shangazi. Lile neno liliniudhi hata mimi ambaye silali hotelini.

Mzee wa Mahesabu:
Ile ripoti iliandikiwa wenye hisa, haikuandikiwa ninyi. Mwenye hisa anataka kujua kila kichwa kilichoingia getini kimeacha dola ngapi. Mwenye pasi anaingia mara 30 kwa mwaka, gawanya pasi kwa 30 utaona. Sisemi mmekosa. Nasema hesabu haina shukrani.

Shangazi wa Jacksonville:
Mzee, wewe una pasi?

Mzee wa Mahesabu:
Nilikuwa nayo miaka minane. Niliiacha ilipokuja habari ya kubuku siku ya kuingia. Mke wangu alikuwa anapenda kwenda kukaa tu, kwenye benchi moja karibu na maji, bila kupanga. Ikawa lazima kupanga. Nikaona basi.

Shangazi wa Jacksonville:
Kumbe na wewe limekuuma. Ungeanza na hilo.

Mgeni Mpya:
Samahani, nimesoma kuanzia juu. Dada Mama Mapacha, nani amekuzuia kubuku ile bei ya kila mtu? Pasi yako haikufungi. Chukua 187, ingia bustanini kwa pasi yako, umeokoa kote kote.

Mama Mapacha:
Kaka, nilibuku hiyo hiyo 187 juzi ile ile, kabla hata sijaandika hapa. Siku nne. Nimeokoa zaidi ya dola 50, nashukuru. Nilipiga na simu pia, kwa kuwa hakuna aliyenijibu hapa kama kuna aliyewahi kusikilizwa. Nilisubiri dakika 40 na ule muziki wao. Binti aliyepokea alikuwa mpole sana. Akaniambia punguzo mbili haziunganishwi, na kwamba la wenye pasi lina faida yake kwa sababu linakubali hata usiku mmoja, wakati la wote linadai siku nne. Hilo ni kweli, sikuwa nimelifikiria, nalisema wazi ili nisimwonee. Mwenye kulala usiku mmoja wa katikati ya wiki bado anafaidika.

Lakini nikamuuliza: mimi mwenye pasi nikilala siku nne, kwa nini bei yangu isishuke angalau ifike pale pa mpita njia, bila mimi kujitoa kwenye akaunti yangu na kujifanya mgeni? Akanyamaza kidogo, akasema atapeleka maoni yangu juu. Hicho ndicho kinachoniuma, na wala si zile dola 13 kwa usiku. Ili nipate bei nzuri ilibidi nibonyeze "toka". Miaka mitatu nalipa kila mwezi, na bei nzuri ipo upande ambao hawanijui.

Mke wa Fundi:
Hapo umenigusa, dada. Hata mimi sasa nitafungua kurasa mbili.

Dereva wa Magari Mawili:
Na maegesho je, kwenye hiyo 187 yamo?

Mama Mapacha:
Hayamo.

Dereva wa Magari Mawili:
Si nilisema!

Mzee wa Mahesabu:
Dada, niseme jambo moja. Lile la "lala kwako" halikuwa na maana yoyote kwenye swali lako, naliondoa. Hesabu yangu nabaki nayo. Ila wanaweza kulirekebisha hili bila kupoteza hata dola. Wewe chumba umeshachukua kwa 187, kwa hiyo hiyo 187 wameshaikubali. Kilichobaki ni kuionyesha upande wa pasi.

Mama Mapacha:
Asante mzee. Na kwa benchi la mke wako, pole. Pasi zetu zinaisha tarehe 14 mwezi ujao. Barua pepe ya kuhuisha imeshafika, sijaifungua.

Kijana wa Zamu:
Ukihuisha chukua ile ya daraja la chini, dada. Tarehe zilizofungwa nyingi ni za sikukuu na likizo, na wewe naona unapenda Jumanne.

Shangazi wa Jacksonville:
Mapacha wanasoma, kijana. Jumanne ya shule ataipata wapi?